Jino la Kambale na Jiwe la Maharagi

Mifupa ya mbuzi ikichemka, harufu yake hunijia kwanza puani, kisha hunishukia kifuani na kukaa hapo. Nyumbani kwangu Butembo siipiki. Nikiisikia kwa jirani siku ya Jumapili nafunga dirisha, na majirani wanadhani naringa.

Nilikuwa na miaka minane, kaka yangu Kambale kumi na miwili. Tuliishi Kalunguta, na siku hiyo Papa alikuwa amechinja mbuzi kwa ubatizo wa mdogo wetu. Baada ya kula nyama na maharagi tuliketi nyuma ya jiko kumtazama mbwa wetu. Jina lake lilikuwa Polisi, kwa sababu alichokwisha kukamata hakukiachia. Polisi hakuvunja mfupa kwa meno ya mbele. Aliinamisha kichwa, akausukuma pembeni mwa mdomo, kwenye jino moja kubwa lenye makali, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu.

"Yaya, wewe hauwezi," nikamwambia Kambale, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya.

"Mimi? Hata Polisi ananiogopa."

"Meno yako ni ya kula ndizi tu."

Akachukua mfupa, akainamisha kichwa vilevile kama mbwa, nami nikacheka mpaka nikashika tumbo. Sauti niliyoisikia haikuwa ya mfupa. Lilikuwa jino la juu, kushoto, la pili nyuma ya chonge, jino dogo la vichwa viwili. Kichwa cha nje kilikatika. Muuguzi wa zahanati aliliita prémolaire, na kwa wiki nzima nikamwita kaka yangu Bwana Prémolaire. Hakukasirika.

Lakini kabla ya muuguzi kulikuwa na Papa, na Papa alikuwa mtu wa fimbo. Alipouliza nani ameanza, nilirudi nyuma hatua moja. Kambale akanitangulia kujibu.

"Papa, ni jiwe. Ilikuwa mu maharagi."

Papa hakumtazama tena. Alimgeukia Mama. "Donc, kumbe unapikia batoto mawe?"

"Nilichambula muzuri," Mama alisema, kwa sauti ya mtu ambaye ameanza kujitilia shaka.

Tangu siku hiyo alichambua maharagi mara mbili. Aliyamwaga kwenye ungo, akaketi mlangoni penye mwanga, akayapitia moja moja hadi shingo ikamuuma. Mwanzoni tulikonyezana na kucheka. Baadaye tuliacha kucheka, lakini hatukusema.

Kambale akakua, akahamia Beni, akalima kakao kupita kijiji cha Mavivi. Siku moja mashamba ya huko yalishambuliwa na watu wenye silaha. Miili ilipatikana baada ya siku nyingi. Kwetu mtoto wa kiume wa pili kuzaliwa huitwa Kambale, na kwenye orodha ya chumba cha maiti walikuwa watatu. Nyuso hazikusaidia tena. Mama akamwomba mhudumu awafungue midomo. Kwa yule wa pili aliinama, akatazama meno ya juu kushoto, akanishika mkono.

"Njo yeye, ni mutoto wangu. Angalia, ile jiwe ya maharagi yangu."

Tulimzika Kalunguta. Kila aliyekuja kwenye kilio, Mama alimweleza kwamba jiwe alilolichukia miaka yote ni Mungu aliyelitia chunguni, ili siku moja arudishiwe mtoto wake. Nilikuwa nagawa chai. Nilisikia kila mara, na kila mara nilinyamaza. Mama alikufa mwaka jana akiamini hivyo.

Utotoni nilidhani Kambale alidanganya kwa kuogopa kuchapwa yeye mwenyewe. Nimechelewa kujua kwamba fimbo ile ilikuwa yangu, mimi niliyemchokoza, na kwamba aliponiondolea mimi, mzigo haukupotea. Ulimwangukia Mama, na sisi wawili tulimwacha nao. Ninyi ndio wa kwanza kuambiwa.

Ungo wake uko kwangu. Nikitaka kupika maharagi naketi mlangoni, nayapitia moja moja, natafuta jiwe ambalo halikuwamo.