Zoezi Namba Nne

Wagonjwa walimwita Afande, naye hakujali, maana kazi yake ilikuwa kuamrisha. Chumba chake cha mazoezi kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali, karibu na stoo ya mashuka: viti vinne vigumu, reli ya mbao ukutani na chupa zilizojazwa mchanga. Waliokuja walikuwa na mifupa iliyopungua nguvu, wengi wao kina mama wanaoambiwa na watoto wao, "Mama, wewe pumzika tu." Neno hilo lilimchefua. Mfupa usiopewa kazi, aliwaambia, unazidi kudhoofika. Akawafundisha kuinuka kitini bila kushika kitu, kunyanyua visigino huku wameshika reli, na kubeba chupa mgongo ukiwa umenyooka.

Lakini karatasi ya kwenda nayo nyumbani ilikuwa ile ile ya vijana wenye maumivu ya mgongo. Zoezi namba nne: inama, gusa vidole vya miguu. Kwa uti wa mgongo uliodhoofika, hilo si zoezi, ni kujitakia balaa. Mara tatu alimwendea mkuu wa idara ili ibadilishwe, mara tatu akajibiwa zimalizike kwanza zilizokwisha kuchapwa. Maboksi mawili! Basi kila asubuhi Afande aliifuta namba nne kwa kalamu, karatasi moja moja, akitukana kimoyomoyo.

Kisha homa ikamlaza wiki nzima. Aliporudi alimkuta Mwalimu wodini. Bibi huyo mstaafu, mgonjwa mpya, alikuwa amepewa karatasi isiyofutwa, na kwa kuwa maisha yake yote alifuata maagizo kama yalivyoandikwa, aliinama mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Siku ya tatu pingili moja ya mgongo ilivunjika.

"Nilikosea wapi, Afande?" aliuliza. "Mbona nilihesabu vizuri?"

Mwanawe mkubwa alikuwa ameziba mlango. "Mazoezi basi! Kuanzia leo mama ni kitandani. Kula hapo hapo, kila kitu hapo hapo."

Afande alikijua kitanda cha namna hiyo. Watu hawashuki tena.

Mkuu wa idara, aliyesimama kando, akajikohoza. "Ni umri tu, bwana. Mambo ya uzee."

Hapo hasira zikampanda Afande. "Umri ndio uliochapa karatasi? Mficha maradhi kifo humuumbua, mkuu!" Akamgeukia mgonjwa. "Mwalimu, hukukosea. Tuliokosea ni sisi. Tulijua, na bado tukaigawa."

"Mlijua?" mwana akafoka. "Halafu mnataka niwaachie mama yangu tena?"



Mwalimu alimkazia macho Afande, macho yasiyokuwa na msamaha hata chembe.

"Nimekukasirikia, tena sana," alisema. "Haya, niambie. Nitasimama lini?"