Ratili na Kanda Iliyochoka

Wenye maduka walimwita Ratili, na jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani. Kwa miaka ishirini na tisa alikwenda duka hadi duka, ghala hadi zahanati, akibeba kisanduku cha mbao kilichotandikwa kitambaa cha sufu, na humo ndani, kila moja katika shimo lake, yalilala mawe ya shaba: la kilo mbili, la kilo moja, la nusu, hadi kijiwe cha gramu moja ambacho hakukigusa ila kwa koleo ndogo, kwa sababu hata jasho la kidole lina uzito wake. Alipoingia mahali, mazungumzo yalikatika. Mwenye duka angechukua kitambaa na kuanza kufuta mizani iliyokwisha kufutwa.

"Karibu, bwana mkubwa. Mizani yangu hii haijapata kumpunja mtu."

"Sisemi inapunja," Ratili angejibu kwa upole. "Nasema inachoka. Springi ikichoka haimwambii mwenyewe."

Baada ya hapo angepanga mawe yake, angeandika, angeaga, na akiwa hatua tano tu nje ya mlango angesikia mazungumzo yakirudi nyuma yake kama maji yaliyofunguliwa.

Wachache sana walijua kwamba mtu huyu alikuwa mpiga besi. Mapenzi hayo yalimwanza shuleni, kwa wamisionari, sauti yake ilipovunjika mapema kuliko za wenzake akahamishiwa safu ya nyuma ya kwaya. Huko nyuma, akiimba do na sol huku wengine wakipaa na wimbo, aligundua raha ya kukaa chini, mahali ambapo hakuna anayekutazama, lakini ukinyamaza kila mtu hugeuka kuuliza kumetokea nini. Mwaka wa tatu wa kazi alijipatia gitaa la besi jekundu, lililokwisha kutumiwa na mwingine, rangi yake imebanduka pale mkono unapoegemea. Marehemu mkewe, siku ya kwanza kulisikia akiwa jikoni, aliuliza kama pampu ya maji ya jirani imeharibika.

Katika kundi lao walikuwa wanne, pamoja naye. Fundi Simu, aliyefanya kazi katika ofisi ya simu, alipiga gitaa la solo na kuimba. Mfamasia alipiga rithimu, kwa uangalifu uleule wa kuhesabu vidonge. Nyuma kwenye dramu alikaa Mwokaji mikate, mtu mnene mwenye mdomo usio na breki. Kila Jumamosi mchana walikutana katika stoo ya mkate, kati ya magunia ya unga, na kwa muda wa miaka kumi na mitano hawakuwahi kusimama mbele ya watu zaidi ya mara tatu. Fundi Simu alikuwa na sauti nyembamba, ya juu kabisa, na Mwokaji hakumhurumia.

"Wewe ukiimba," alikuwa akimwambia, "mbwa husikia kwanza, halafu ndiyo sisi."

Siku moja waliweka redio ya kaseti juu ya gunia wakajirekodi nyimbo kumi na moja, upande huu na upande ule wa kanda. Hawakujua kwamba walikuwa wakiweka akiba. Mwaka uliofuata Mfamasia alipewa uhamisho. Mwokaji, mgongo ulipomkataa, alichukuliwa na wanawe wakakae naye mbali. Fundi Simu aliugua miezi miwili, akazikwa katika wiki ya mvua, jeneza likisubiri shimo likaushwe maji kwa ndoo. Miaka miwili baadaye mke wa Ratili naye akaenda, na nyumba ya vyumba viwili ikawa kubwa kupita kiasi.

Hapo ndipo kanda ilipopata kazi. Kila Jumamosi, baada ya kuosha sahani yake moja, Ratili alifunga mlango, akaweka kaseti, akasikiliza gitaa la Fundi Simu linavyoanza wimbo wa kwanza, na kwa gitaa hilo akazikaza au kuzilegeza nyuzi zake hadi zikapatana nalo. Kisha alipiga nyimbo zote kumi na moja pamoja nao. Katikati ya nyimbo kulikuwa na vikohozi, viti vilivyoburutwa, na baada ya wimbo wa nne Mwokaji aliita, "Ratili, amka!" Na Ratili, peke yake chumbani, alijibu, "Niko macho, bwana."

Alifanya hivyo kwa miaka minane. Katika miaka hiyo aliona jambo lililomfariji: alikuwa akizidi kuwa hodari. Mahali palipokuwa pakimtatiza zamani, vidole vyake sasa vilifika vikiwa na nafasi ya kupumua. Alidhani ni utu uzima umemfundisha utulivu. Nyuzi zilikuwa zikitoa mtatariko kidogo zikipigwa, lakini hilo nalo alilielewa. Ni za siku nyingi, kama mwenyewe.

Ilikuwa katika zahanati, siku ya kukagua mizani ya watoto wachanga, ambapo muuguzi wa zamu aliacha kumtazama usoni akatazama mkono wake wa kushoto.

"Samahani, mzee. Hizo sugu kwenye ncha za vidole, ni za mawe haya?"

"Hapana, binti. Ni za gitaa."

"Usinitanie! Gitaa gani?"

"Besi."

Muuguzi alikaa juu ya meza ya dawa, jambo ambalo bila shaka alikuwa akiwakataza wengine. Alimweleza kwamba yeye mwenyewe hupiga dramu, kwamba wako watatu wanaokutana kila Jumapili alasiri katika ukumbi wa shule, na kwamba mpiga besi wao ameoa mji mwingine asirudi tena. "Njoo, baba. Njoo tu tukusikie."

Ratili alikagua mizani ile mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuona namba. Tangu stoo ya mkate hapakuwa na mtu aliyemwambia neno "njoo" ambalo halikuhusu mizani.

Jumapili ile alipiga pasi shati, akalifunga gitaa katika shuka, akafika kabla ya saa. Kiongozi wa kundi alikuwa mwalimu wa hesabu, mpiga solo, mtu mkavu asiye na maneno mengi. Mwimbaji na mpiga rithimu alikuwa kinyozi. Ukutani kulikuwa na kinanda cha umeme, wazi, kimewashwa.

"Besi tangu iondoke naipiga hapo kwa mkono wa kushoto," Mwalimu alisema, "na solo inabaki yatima. Nyuzi zako ziko sawa?"

"Nimezipima nyumbani," Ratili alijibu, kwa fahari ya mtu ambaye kupima ndiyo kazi yake.

Walichagua wimbo wa zamani ambao kila mpiga muziki anaujua. Muuguzi akahesabu. Na lile lililotoka lilikuwa baya hata Kinyozi akaacha kuimba katikati ya neno.

"Mzee," alisema, "sisi tuko ghorofani, wewe umebaki chini unatafuta ngazi!"

"Mwache, wewe," Muuguzi alimkemea, ingawa alikuwa anauma mdomo asicheke.

Mwalimu hakucheka. Alichukua kidude kidogo cha kupimia sauti, akakibandika kwenye kichwa cha gitaa jekundu, akamwomba apige waya mmoja baada ya mwingine. "Ziko sawa zenyewe kwa zenyewe," alisema polepole, "lakini zote zimeshuka. Sauti moja na nusu. Do yako imekaa kwenye la. Ulikuwa unapiga na nani, mzee?"

"Na wenzangu."

"Nao wako chini hivyo hivyo?"

"Wako kwenye kaseti," Ratili alisema.

Muuguzi aliacha kuuma mdomo. Naye Ratili, mkono ukiwa bado juu ya nyuzi, alielewa kila kitu kwa mara moja. Ndani ya redio yake kuna mpira mwembamba unaozungusha kanda, na mpira ule ulikuwa ukilegea, mwaka kwa mwaka, kwa kiasi ambacho sikio haliwezi kukitambua. Kanda ilizidi kwenda polepole, sauti zikazidi kushuka, na yeye kila Jumamosi alizilegeza nyuzi zake ili asiachane nao. Ule uhodari wake haukuwa uhodari. Wenzake walikuwa wakipunguza mwendo, naye akapunguza pamoja nao. Mtu aliyewaambia nusu ya wenye maduka wa mji kwamba mizani yao imechoka!

Alizikaza nyuzi kwa kidude cha Mwalimu. Zikawa ngumu, zikamuuma vidole pamoja na sugu zake zote. Walipoanza tena sauti zilipatana, lakini sasa alikuwa nyuma. Kila pigo lake lilifika wenzake wamekwisha kuondoka. Muuguzi alimwambia atazame mguu wake unaopiga dramu kubwa, asitazame kitu kingine. Alitazama kiatu kile cheupe cha hospitali kama mtu anayevuka mto akitazama jiwe la kukanyaga, na ubeti mmoja, ule wa mwisho, walikwenda pamoja.

"Sikufichi, mzee," Mwalimu alisema wakati wa kukunja nyaya. "Mwezi ujao tunapiga kwenye mkutano wa walimu. Jumapili ijayo nipe wimbo huu mmoja, wote, kwa mwendo wetu. Ukiweza, nafasi ni yako. Usipoweza, narudi kwenye kinanda, wala tusilaumiane."

"Ni haki," alisema Ratili.

Jumamosi iliyofuata, kwa mazoea tu, mkono wake uliweka kaseti. Wimbo wa kwanza ulianza, na gitaa lake, lililokazwa kwa sauti ya ukumbini, likakataa kukaa nao. Alilipiga mara mbili, likapiga kelele kama mgeni aliyekosea nyumba. Kulikuwa na njia rahisi: kuzilegeza nyuzi, arudi kati yao, na kesho ipite kama Jumapili nyingine. Vidole vyake vilikwisha kushika funguo za kukazia. Ndipo Fundi Simu alipoanza kuimba, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane Ratili alimsikiliza kwelikweli. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mwenye usingizi, ya mtu wa makamo aliyeshiba. Alijaribu kuikumbuka ile nyembamba, ile ya kuchekwa na Mwokaji, akafumba macho akaitafuta kila mahali. Haikuja. Alikuwa amemzika rafiki yake mara moja wazi, na mara ya pili kidogo kidogo, kila Jumamosi, bila kujua.

Alizima redio. Fundi wa redio angeweza kubadilisha mpira ule kwa dakika chache, alilijua hilo. Lakini si kabla ya kesho, na kesho ndiyo iliyokuwa ikimwogopesha. Akaanza kupiga peke yake, wimbo mmoja tu, ule wa ukumbini, akihesabu kwa mguu juu ya sakafu. Chumba kilikuwa kitupu kwa namna ambayo hakupata kukisikia. Besi bila wimbo juu yake ni kama nyayo za mtu asiyeonekana. Alikosea, akarudi mwanzo. Alikosea tena.

Yapata saa kumi dirisha la upande wa pili wa uchochoro lilifunguka. Huko alikaa mshonaji, mjane, ambaye yeye na Ratili hawajapata kuambiana zaidi ya habari za asubuhi.

"Baba, leo wageni wako hawakuja?"

"Wageni gani, mama?"

"Si hao wa kila Jumamosi! Nami hupanga kushona kwangu kwa nyimbo zenu. Hasa yule wa sauti nzito, ananipendeza huyo. Amesafiri?"

Ratili aliondoa kidole juu ya waya. "Hakuwa na sauti nzito," alisema. "Alikuwa na sauti nyembamba mno. Tulikuwa tukimcheka."

Mshonaji hakuelewa, lakini alikuwa mtu mzima, akaelewa kiasi cha kutosha kutouliza. "Basi endelea, baba. Mimi cherehani yangu haibagui." Akaacha dirisha wazi, na cherehani ikaanza tena kukimbia. Ratili alipiga hadi vidole vikafa ganzi.

Jumapili alipiga wimbo wote. Katika ubeti wa pili alipotea, akamtazama Muuguzi mguuni, akapatikana. Ulipokwisha Mwalimu hakumsifu. Alikwenda ukutani, akakizima kinanda, akakifunika kwa kitambaa chake.

"Mzee wa chini," alisema Kinyozi, "karibu ghorofani."

Walicheka, naye akacheka. Kisha wakaanza kubishana juu ya wimbo utakaofuata, wakatajiana watu na siku ambazo yeye hakuwamo, harusi iliyonyeshewa, mpiga besi yule aliyeondoka na vichekesho vyake, na Ratili akasimama kati yao na tabasamu lisilojua likae wapi.

"Huu unaujua, mzee?" Mwalimu alimwuliza, akipiga sauti nne tano za mwanzo.

Aliutafuta katika zile kumi na moja. Haukuwamo.

"Siujui."

"Basi usipige kwanza. Sikiliza."

Akalaza kiganja juu ya nyuzi zake zote ili zisitoe hata mnong'ono, akainamisha kichwa, akasikiliza.