Mafuta ya Nazi kwenye Tarumbeta

Watu wa Manundu, mtaa wetu wa Korogwe, walijua dawa za tarumbeta kuliko walivyojua dawa za homa. Enzi hizo za Mwingereza baba alikuwa mpuliza tarumbeta pekee wa bendi ya kanisa letu. Tarumbeta lenyewe lilikuwa kuukuu, na vali zake, vile vibonyezo vitatu vya juu, zilikwama kila mara. Hapo kila mtu aligeuka fundi. Mmoja alisema temea mate. Mwingine alisema sugua kwa jivu. Baba akamsikiliza, jivu likazikwaruza nusura ziharibike kabisa. Mafundi wa mashine za mkonge kule Mnyuzi walimpa grisi, ikazinasa kama ulimbo. Yaliyofaa ni mafuta ya taa, lakini yalimbabua midomo, na baba alikuwa mtu wa kujipenda.

Kisha akagundua mafuta ya nazi, yale ya mama ya nywele. Katika joto la Korogwe vali zilipanda na kushuka bila tabu. Baba akatamba mtaa mzima.

Bibi, mama yake baba, aliishi juu milimani, Usambara. Hakuwa na makuu, ila kila tulipompelekea chumvi alirudia jambo moja: "Siku yangu, mwanangu, unipulizie wewe." Kijijini kwake maiti hupigiwa tarumbeta tangu udongo wa kwanza unapoingia mpaka kaburi linapojaa, na majembe yakishaanza hayawekwi chini. Bibi alikuwa amezika baadhi ya watoto wake wakipuliziwa na watu baki. Yeye alitaka wa tumboni mwake.

Habari ya msiba wake ilitufikia masika yakianza. Mama, Mzigua wa Kang'ata asiye na maneno mengi, alimwona baba akishika chupa ya nazi.

"Baba watoto, kule juu baridi. Tia mafuta ya taa."

"Nimpulizie mama yangu nikinuka kibatari?"

Mama akarudi kufunga mzigo. Sisi wanawake tulijua. Siku za baridi mafuta yale yaliganda, tukaianika chupa juani ndipo tuchane nywele. Baba hakuwahi kuianika.

Tulifika jioni. Akalijaribu tarumbeta jikoni, karibu na moto, likamtii.

Asubuhi kaburini kulikuwa na ukungu na manyunyu. Udongo wa kwanza ukaingia, baba akapuliza. Sauti ya kwanza ilitoka safi, nzuri mno. Akabonyeza vali ya katikati, ikashuka, haikupanda. Akaivuta kwa kucha, ikakwama na nyingine. Kilichotoka kilikuwa mlio wa ndama aliyekabwa. Watu wakatazama chini.

"Kaka, subirini kidogo," baba alimwambia kaka yake.

Baba mkubwa hakuinua uso. "Jembe haliwekwi chini. Unajua."

Nilimchukia kwa neno lile, na mpaka leo sijamsamehe sawasawa, ingawa alisema kweli.

Mama akalitwaa tarumbeta mikononi mwa baba, akaliingiza ndani ya kanga, likagusa ngozi ya kifua, akalikumbatia kwa nguvu. Wanawake walianzisha wimbo. Baba hakuimba. Alikuwa anatazama kifua cha mama, kisha shimo, kisha kifua cha mama. Sijaona tena mtu mzima akisubiri vile.

Vali zilipolegea, wanaume walikuwa wanapigapiga tuta kwa migongo ya majembe. Mama akampa. Baba akabonyeza zote tatu. Zikapanda na kushuka vizuri kabisa. Hakulipeleka mdomoni.

Aliendelea kuwapulizia wafu wa watu mpaka uzeeni, kwa mafuta ya taa, midomo imebabuka. Nilipokwenda kumwamkia shikamoo, nilikutana na harufu ya kibatari. Na kila aliporudi kutoka kuzika aliniuliza kama bibi aliisikia ile sauti ya kwanza, kabla haijaharibika.

"Aliisikia, baba," nilimjibu.

"Ilikuwa moja tu," alisema.