Wifi Pangoni

Miaka miwili baada ya ndoa, dada wa mume wangu alikuwa bado ananiita "mgeni wetu". Mimi wifi asubuhi, wifi jioni, yeye anajibu, "Sema, mgeni wetu." Tulikuwa tunauza vyombo pamoja kwenye duka la familia Kariakoo, tunakula sahani moja, tunarudi wote Magomeni, na bado nilikuwa mgeni. Iliniuma kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Siku moja akaona kwenye simu video ya pango huko milima ya Matumbi, Kilwa, na pango likamkaa kichwani. Mume wangu hakuweza kuacha duka, na rafiki wa wifi wote wakaingia mitini. Nikabaki mimi. Nilikubali haraka mno, utadhani nimeletewa posa.

Mwenyeji aliyetuongoza alitangulia na tochi yake kichwani, mimi nikafuata, wifi nyuma yangu. Kuta za chokaa zilikuwa zimelowa, zinang'aa, nami furaha imenipanda kichwani. Popo akipita tu, nacheka. Tulikuwa tunaitafuta njia ambayo zamani kijito kilipita, ila kuifikia ilibidi tupenye ubavuubavu kwenye ufa mwembamba. Nikapenya. Wifi, ambaye Mungu amemjalia mwili, akafika katikati akakwama, na taa yake ikazima.

Halafu mwanamke anayenyamazisha wateja wa Kariakoo kwa jicho tu akapiga yowe: "Wifi! Wifi! Jamani wifi, usiniache!"

Kabla sijafungua mdomo, mwongozaji wetu, ambaye kumbe ile waifai ya simu huitamka vile inavyoandikwa, akamjibu kutoka gizani kwa huruma kabisa: "Dada, humu hakuna wifi. Hata mtandao wa kawaida tumeuacha kule barabarani."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akaanza kucheka humohumo kwenye ufa, akacheka hadi pumzi zikamwishia, tumbo likanywea, nikamvuta mkono, akachomoka na kuniangukia.

Tulikuwa tumeangukia kwenye mchanga laini. Ndiyo njia yenyewe ya kijito, kavu, kuta zake zimelainishwa na maji yaliyoondoka zamani. Tukalala chali pale tunacheka, kicheko kinakwenda mbali na kuturudia. Tukinyamaza, mwongozaji anauliza, "Kwani nimesema nini?" Tunaanza upya.

Wifi alipopata pumzi akanishika mkono. "Sikia. Mume wako akiuliza, aliyekwama ni wewe."

"Ni mimi," nikasema.

Sasa ukoo mzima unajua hivyo. Kila kwenye shughuli anasimulia, ametanua mikono: "Wifi yangu huyu, nilimchomoa kama kizibo!" Watu hoi. Mimi nainama, najifanya naona haya, kumbe moyo unacheza ngoma. Mume wangu, anayekijua vizuri kiuno changu, aliwahi kuniuliza kama ni kweli. Nikamwambia nilikwama vibaya mno, na bila dada yake nisingetoka.