Mkasi wa Mashoto

Mama Mdogo aliteleza mlangoni mwa chumba chake cha kushonea, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Wiki sita kwenye plasta. Hakulilia maumivu, alililia kukata. Fundi asiyeweza kukata kitambaa hufunga mlango, na mlango ule aliufungua pamoja na dada yake, marehemu mama yangu.

Mtaalamu wa mazoezi alimwambia aufanyishe kazi nzito mkono wa kushoto kila siku. Nguvu kidogo ingevukia upande wa pili, ili mkono uliofungwa usidhoofike sana.

"Kwa hiyo mmoja ukila, mwingine unashiba?"

"Hautashiba, mama. Utaonja."

Mkasi wake haukukubali mkono wa kushoto. Uliofaa ulikuwa mmoja tu, wa mama, aliyekuwa mashoto. Ulining'inia msumarini tangu tulipomzika, na hakuna aliyewahi kuugusa. Mama Mdogo aliufuta vumbi kwa upindo wa gauni, akaanza kukata turubai chakavu.

Nilimpitia kila alasiri nikitoka kazini. Mkono wa kushoto ulikata; wa kulia, vidole vilivyochomoza kwenye plasta vilicheza kidogo, kama vya mtu anayeota.

"Vinasikia," alisema. "Sijui vinamsikia nani."

Miaka ishirini na mbili yeye na mama walikuwa wamegombania mkato wa kwapa la nguo. Mama alikata akiacha upana wa kidole nje ya mstari wa chaki, ili mvaaji apumue. Mama Mdogo alikata juu ya mstari wenyewe.

"Unashona gunia, dada."

"Na wewe unashona ngozi."

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba, ngozi ikibanduka. Lakini ulifumba ngumi. Siku chache baadaye mtaalamu akamruhusu ajaribu kitambaa chepesi. Akachora gauni la mteja kwa chaki, akashika mkasi wake mwenyewe kwa mkono wa kulia. Ukakata, polepole, hadi mwisho.

Hakufurahi. Alikuwa akitazama kwapa. Mkato ulipita nje ya mstari, upana wa kidole, sawasawa tangu mwanzo.

"Nilifuata chaki," alisema. "Wewe uliniona."

"Nilikuona, Mama Mdogo."

Akaweka kidole chake pale katikati ya chaki na mkato. Kilienea.

Upande wa pili wa gauni ulipaswa kulingana na wa kwanza. Akaukata vivyo hivyo, bila kuchora.

"Haya, dada," alisema taratibu. "Na liwe gunia."

Mimi nilikuwa nimekalia kiti cha marehemu mama. Nikainuka, nikampisha.