Chupa za Nyumba ya Arobaini na Tatu

Shangazi yangu aliwapimia watu taka kwa miaka tisa, na mtaa mzima ulimwita Gramu. Jina lilimkaa. Ukimletea gunia la chupa za plastiki la kilo nne kasoro, ataandika kilo nne kasoro, hata kama mlinyonya ziwa moja. Karatasi zilizolowa alizianika kwanza ndipo azipime, maana maji si karatasi.

Kituo chake cha kukusanya taka kilipoletewa blokucheni, hakuna aliyefurahi kumshinda. Ni daftari la kwenye simu. Kila gunia huandikwa namba ya nyumba lilikotoka, uzito na kilichomo. Kila mstari huunganishwa na uliotangulia, na nakala hukaa kwa kila aliyejiunga. Hakuna wa kufuta, hakuna wa kuchakachua. "Hatimaye," alisema, "daftari lisilohongeka!"

Siku hiyo gunia la nyumba ya arobaini na tatu lilikuwa na chupa sita nyeupe za dawa. Kiwanda kinachonunua plastiki hutaka kujua chupa ilibeba nini kabla ya kuiyeyusha. Mpimaji mwingine angeandika "chupa za dawa", yakaisha. Gramu hakuwa mtu wa nusunusu. Alivaa miwani, akanakili jina la dawa herufi kwa herufi, akabonyeza. Kwake lilikuwa jina refu tu. Kumbe ni dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na wapo mtaani waliolijua.

Katika nyumba hiyo anaishi mshonaji wa sare za shule, mjane, na namba imeandikwa kwa rangi mlangoni. Kufikia saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa umeusoma ule mstari. Nasema mtaa mzima kana kwamba mimi sikuwemo. Nilisoma, nikamwonyesha rafiki yangu, tukasema "maskini" kwa ile sauti ya watu wanaofurahia habari.

Shangazi alipoambiwa, alikimbilia kwa msimamizi wa kituo.

"Futa, mwanangu."

"Haifutiki, mama. Labda niongeze mstari wa kusahihisha, lakini wa kwanza utabaki."

"Nisahihishe nini? Nilichoandika ni kweli."

Alinichukua tukaenda kwa mshonaji. Cherehani ilikuwa kimya. Wateja watatu walikwishachukua vitambaa vyao bila kushonewa. Shangazi akapiga magoti sakafuni.

"Inuka, dada," mshonaji alisema. "Umeandika vizuri. Hata herufi moja hukukosea."

Afadhali angetutukana.

Kesho yake shangazi alipeleka kituoni gunia la kwetu. Lilikuwa na makopo matupu. Aliandika makopo, akaandika uzito, kisha akaongeza: chupa sita za dawa ile ile. Nilipoona namba ya nyumba yetu kwenye simu, nilipandisha sauti kama sina adabu.

"Shangazi, mimi pia naishi humu! Huo ni uongo!"

"Najua ni uongo. Mimi ndiye niliyeuandika."

Haukusaidia kitu. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo watu walilijua kabla ya simu. Wateja wa mshonaji hawakurudi, na jirani yetu aliyezoea kuja kuomba chumvi akaanza kununua yake. Nilimkasirikia shangazi siku tatu nzima.

Siku ya nne, mchana kweupe, mshonaji akasimama mlangoni kwetu na simu mkononi.

"Nani alikuomba, dada?"

"Hakuna."

"Mimi nina ugonjwa. Wewe una majuto. Hivyo viwili haviwekwi gunia moja."

 Shangazi alilia, na sikuwahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika baba yangu, kaka yake. Mshonaji alimtazama mpaka akamaliza, kisha akavuta kiti akaketi.

"Haya, nipeni maji. Jua kali."

Nilikwenda jikoni. Nilisimama kitambo mbele ya kabati, mkono ukienda kwenye kikombe cha pembeni, kile tusichokitumia. Naona aibu kusema hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikachukua tunachokunywea sisi, nikajaza, nikampelekea kwa mikono miwili.

Alikunywa yote, akanirudishia.

"Umechelewa, mwanangu," akasema.