Freni ya Mama Mkwe

— Viviane, ambia mama yako gari si mbuzi! Gari haitengenezwe na maneno ya mbuzi!

Hippolyte alisema hayo akiwa amelala chali chini ya gari, miguu nje, kwa sauti ya kufika mpaka kwa jirani wa tatu. Maneno yalielekezwa kwa mke wake, lakini mlengwa hasa alikuwa Mama Gertrude, mama mkwe, aliyesimama hatua mbili kutoka miguu hiyo. Alisikia kila neno. Ila mkwe hasemeshani na mama mkwe moja kwa moja. Hiyo ni heshima. Na katika parselle ile, ua wao wa mtaa wa Mudzipela mjini Bunia, heshima ilikuwa na kelele kuliko soko.

Mama Gertrude naye aliifuata heshima hiyo. Alimgeukia kuku mwekundu aliyekuwa akichakura kando ya tairi.

— Weye kuku, unasikia? Miaka tisa! Mbuzi sita ya mahari tulipatana, watano wakafika, wa sita iko njiani mpaka leo. Sijue anatoka Kinshasa kwa miguu!

Kuku aliendelea kuchakura. Hippolyte alijua deni ni la kweli, ndiyo sababu alipiga kelele.

Huyu Hippolyte alizaliwa Bambu, kwa watu wa dhahabu, lakini dhahabu ilimpita kama mtu asiyemjua. Ufundi aliupata Niania, ambako miaka minne alilala chini ya malori ya watu, akaamka na mafuta masikioni. Alirudi na sanduku moja la vifaa na mdomo mmoja mchafu. Injini ikimkataa, anaitukana mpaka inaona haya na kuwaka. Wateja wanatukanwa, mapadri wanatukanwa kwa adabu kidogo. Mtu mmoja tu wa Bunia alikuwa hajawahi kuonja ulimi wa Hippolyte, naye ni Mama Gertrude.

Asubuhi hiyo alikuwa amefika na Toyota aliyoachiwa na marehemu mume wake, ile anayoiendesha mwenyewe kwenda Kasenyi, kando ya ziwa, kununua samaki.

— Viviane, pedali ya freni imekuwa laini kama bugali ya mugonjwa. Mbele ya saa sita niko njiani. Ikipona nitashuka. Isipopona nitashuka vilevile. Samaki hawangoje freni.

Na hakuwa akitania. Hippolyte aliujua mteremko ule wa baada ya Bogoro, njia ya Kasenyi: gari lisiloshika linafika ziwani kabla ya saa yake, pengine na kuingia. Tayari aliwasikia watu kwenye matanga: "Mukwe wake ndiye alitengeneza. Walikuwa na maneno ya mbuzi."

Basi alikuwa ameanza kazi. Alikanyaga pedali ya freni, yaani breki: ikazama mpaka chini. Mara ya pili ikapanda kidogo, ya tatu ikagangamala. Akangoja, akakanyaga tena: laini. Pedali inayopanda kwa kupigwapigwa inasema kitu kimoja, kuna hewa ndani. Mafuta ya freni hayakubali kuminywa, lakini hewa inaminywa kama godoro. Na hewa haiingii pasipo mahali mafuta yalipotokea. Alifungua magurudumu moja moja mpaka akalikuta la nyuma kushoto limelowa, raba yake ya ndani imekwisha, linatoka jasho kama mtunza sanduku la kanisa aliyeitwa kwenye mkutano. Akaweka raba mpya, akasafisha, akajaza mafuta.

Ikabaki kutoa hewa, na hewa haitolewi na mtu mmoja. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia chini. Mwingine, kwenye gurudumu, anafungua skrubu ndogo, hewa inatoka na povu, anafunga. Pedali ikiachiwa kabla hajafunga, hewa inarudi nyumbani kwake. Siku zote mwenye kukanyaga alikuwa Viviane. Lakini Viviane alikuwa na mimba ya miezi minane, na tumbo lake na usukani havikupatana.

— Tuite jirani, Viviane akasema.

— Kwa kiti ya marehemu bwana yangu? Mama Gertrude akaruka. Hakuna mutu wa njia atakalia pale. Nitakanyaga miye.

Hapo ndipo heshima ilipoharibu kazi.

— Viviane, ambia Mama, tunaomba mukanyage kidogo.

— Mama, anaomba mukanyage kidogo.

— Kidogo namna gani?

— Anauliza kidogo namna gani.

— Mpaka chini! Na mushikilie, kama haiwasumbui.

— Mama, mushikilie, kama haiwasumbui…

— Amesema nini? Na Mama Gertrude, ili asikie vizuri, akainua mguu.

Skrubu ilikuwa wazi. Hewa ikaingia, fyuu! Hippolyte akaliambia gurudumu maneno ambayo hayaandikwi. Walirudia. Kila mara ujumbe ulipofika kwa Mama, mguu ulikuwa umeshaondoka. Mara ya tano chupa ya mafuta ikabaki nusu, na saa sita ilikuwa inakaribia.

— Weye kuku, alisema Mama Gertrude, inatosha. Nashuka Kasenyi hivihivi.

Hippolyte aliona ziwa. Aliona matanga. Kitu kikakatika ndani yake.

— KANYAGA! WEYE MAMA, KANYAGA! SHIKILIA, USIACHIE!

Viviane akajifunika mdomo. Hata kuku akaacha kuchakura.

Lakini pedali ilikuwa chini, imeshikwa kama imepigiliwa misumari.

— Nimeshika! ikatoka sauti ya Mama Gertrude, nyembamba.

— Achia! Kanyaga tena!

— Nimekanyaga!

Wakazunguka magurudumu yote manne hivyo, mmoja akifoka, mwingine akiitika kama katika litania, mpaka povu likaisha na mafuta yakatoka safi. Pedali ikawa ngumu kama mlango wa benki siku ya Jumapili.

Hapo ndipo Hippolyte alipokumbuka amefanya nini.

— Kumufokea bokilo, mama mukwe, ni faini ya mbuzi, Viviane akamnong'oneza.

— Basi mbuzi wa deni wamekuwa wawili, Hippolyte akasema, akakaa juu ya tairi.

Mama Gertrude alifunga mlango. Akawasha gari, akashuka nalo mteremko mdogo wa karibu, nyuma ya shule, kujaribu. Walisikia injini, kisha tairi zikilia. Hippolyte alisimama. Hakukaa mpaka gari lilipotokea tena kwenye kona.

— Viviane, ambia bwana yako nimeonana na mbuzi wake. Ametokea mbio mbele yangu, pale kwa mteremko. Nimekanyaga, gari ikasimama paa! Ameniangalia, ameenda zake. Basi ameenda. Sitamungoja tena.

— Yule wa sita, Mama?

— Yule wa sita. Deni imeisha. Lakini "weye Mama"? Hiyo faini haikopeshwe. Hata kuku, lakini leo.

Akamtazama kuku.

Hippolyte alimkimbiza mwenyewe kuzunguka parselle mara mbili, akamfunga miguu, akampa Viviane, Viviane akampa Mama, Mama akamweka kiti cha mbele.

— Twende, weye, akamwambia. Unajua maneno mingi sana ya hii nyumba.